Jiko la kuni la debe: somo zima, nisiulizwe tena mmoja mmoja

Tangu nilipoonyesha hili jiko la debe ninalopikia shambani, simu haipumziki. "Mkuu, vipimo?" "Mkuu, ndani umeweka nini?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Basi somo zima hili hapa. Atakayeuliza kitu kilichokwisha kuandikwa nitampa namba ya hatua, tusilaumiane.

Mahitaji: debe la bati la lita 20, lile la mafuta ya kula. Makopo manne ya maziwa ya unga ya gramu 400, yenye kipenyo cha karibu sentimita 10. Waya wa kufungia nondo, vipande vya nondo nyembamba, na majivu kama lita 16. Vifaa ni tindo, nyundo, mkasi wa bati, plaizi na glavu. Bila glavu usianze. Bati lililokatwa ni wembe.

Debe lililowahi kubeba petroli au tina ya kuchanganyia rangi liache hata kama umelisuuza mara tatu. Mvuke hubaki ndani, na cheche moja ya grainda inatosha kulilipua. Ndoo ya mabati nayo iache. Ule mng'aro wake ni zinki, na ikipata moto mkali hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua.

Hatua ya 1. Osha debe kwa maji ya moto na sabuni, likauke.

Hatua ya 2. Kata bati lote la juu kwa tindo. Usilitupe, ndilo mfuniko wako.

Hatua ya 3. Mlango wa kuni. Simamisha kopo la maziwa ubavuni mwa debe, katikati, lichore duara lake likiwa sentimita 5 juu ya kitako. Usikate kwenye mstari. Toboa katikati, kata kuelekea kwenye mstari kama unagawa chungwa, kisha kunja vile vipande kwa ndani. Hivyo ndivyo vitakavyolibana kopo. Ukikata duara zima kopo litacheza na majivu yatamwagika kila ukilibeba jiko.

Hatua ya 4. Bomba. Kopo la kwanza libaki na kitako chake, ulitoboe ubavuni kwa mtindo uleule wa chungwa. Makopo mawili yatolewe vitako, yapande juu yake. Ili yaingiliane, pasua ukingo wa moja mara sita hivi, uubane kwa plaizi, lisukumie ndani ya jingine, ufunge waya. La juu kabisa lipunguze mpaka lilingane na mdomo wa debe. Kopo la nne, nalo halina kitako, linalala: upande mmoja umeingia kwenye kopo la kwanza, mwingine umechungulia nje ya mlango. Ukitazama kwa ubavu unaona kiwiko.

Hatua ya 5. Mwaga majivu sentimita 5 chini, simamisha bomba juu yake, hakikisha limenyooka.

Hatua ya 6. Kujaza. Hapa tulia, kwa sababu hapa ndipo mimi niliharibu, tena si mara moja. Jiko la kwanza nilijaza mchanga. Niliwaza kwamba mchanga unatunza joto, kwa hiyo jiko litakuwa kali. Nikalipeleka kwa mjomba siku ya kuvuna mpunga, nikajitapa mbele ya watu kwamba chai itakuwa tayari kabla hawajakaa. Baada ya nusu saa maji yalikuwa vuguvugu, watu wote wanalia kwa moshi, na shangazi amekwisha kupanga mafiga matatu pembeni bila kusema neno. Mchanga ulikuwa unakula moto uliotakiwa uende kwenye sufuria. Bomba lilibaki baridi, na bomba likiwa baridi moshi hauungui, unatoka kama ulivyo. Halafu uzito: lita 16 za mchanga zinapita kilo 25. Jiko la kubebeka gani hilo? Majivu ni mepesi na yamejaa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia moto usitoroke. Jiko la pili nikaweka majivu, lakini nikayalowesha ili yashikane. Moto wa kwanza ukatoa mvuke, debe likavimba tumbo, na baada ya wiki kadhaa kutu ikala bati kwa ndani. Kwa hiyo: majivu MAKAVU, yaliyochekechwa, yaliyopoa kabisa. Kaa moja iliyojificha inaweza kukaa hai siku nzima. Yamwage kidogo kidogo huku ukigongagonga debe ili yajipange. Usiyashindilie kwa mti. Usichanganye saruji, kwa moto inapasuka.

Hatua ya 7. Toboa mfuniko katikati kwa ukubwa wa bomba, ukunje vipande viingie ndani ya bomba, funika, pinda kingo. Majivu yasionekane popote.

Hatua ya 8. Kitanda cha kuni. Nyoosha kipande cha bati, kiingize kwenye kopo lililolala kikiwa sentimita 3 kutoka chini. Kuni zinalala juu, hewa inapita chini. Wengi wanaruka hatua hii halafu wananiambia jiko langu linatoa moshi.

Hatua ya 9. Mafiga ya sufuria. Vipande vitatu vya nondo, sufuria ikae sentimita 2.5 juu ya mdomo wa bomba. Ikishuka, moto unakabwa na kurudi mlangoni. Ikipanda sana, unapikia upepo.

Hatua ya 10. Mkono wa waya mnene, pande mbili.

Hatua ya 11. Moto wa kwanza uwashe uwanjani bila chakula, rangi ya debe iungue iishe.

MASWALI YA WADAU

Mpishi wa Stendi: Mkuu, mchanga hauwezi kutumika? Huku kwetu upo mwingi.
Jibu: Hatua ya 6.

Mpishi wa Stendi: Hata ukichanganya na majivu nusu kwa nusu?
Jibu: Hatua ya 6, kaka. Isome mpaka kwa shangazi.

Chumba Kimoja: Mimi nimepanga, sina jiko la nje. Naweza kupikia ndani nikifungua dirisha?
Jibu: Hapana. Moshi kupungua si moshi kuisha, na kaboni monoksidi haionekani wala haina harufu. Hasa usilale na makaa yake ndani ukisema unaota moto. Nenda uani.

Fundi Mkongwe: Kijana, tangu tukiwa wadogo majiko yanatiwa udongo ndani na yanapika. Sasa udongo umekuwa mbaya?
Jibu: Shikamoo mzee. Sijasema udongo ni mbaya. Jiko la mkaa lina chungu cha udongo wa kuchoma, na mkaa unakaa humo saa nzima, kwa hiyo chungu kinapata muda wa kushika moto. Hapa unatia vijiti vitatu, unachemsha chai, unaondoka. Udongo mnene haujapata joto na wewe umeshamaliza kunywa.

Fundi Mkongwe: Marahaba. Na udongo wenye pumba?
Jibu: Huo nauvulia kofia. Mfinyanzi ukichanganywa na pumba za mpunga nyingi, ukachomwa, pumba zinaungua na kuacha vitundu vya hewa. Unakuwa mwepesi. Ningekuwa na tanuru ningetumia huo, kwa sababu kopo la maziwa ni jembamba na linaungua. Langu nalibadilisha kila baada ya miezi michache, na hilo nilipaswa kuliandika juu.

Bei Gani: Unauza?
Jibu: Siuzi.

Mwanachuo: Kaka, hiyo 2.5 umeitoa wapi? Na nikiwa na makopo makubwa ya kipenyo cha sentimita 13?
Jibu: Swali zuri, kaa tuongee. Nafasi ya moshi kupita chini ya sufuria isizidiwe na nafasi ya ndani ya bomba. Chukua eneo la duara la bomba, gawanya kwa mzingo wake, unapata robo ya kipenyo. Kipenyo 10, robo yake 2.5. Kwa 13 ni kama 3.25. Lakini bomba nalo linatakiwa liwe na urefu kama mara tatu ya kipenyo ili livute vizuri, yaani sentimita 39, na debe letu lina kama 35. Kwa hiyo kwa debe hili baki na 10. Umbo hili la kiwiko si langu. Ni la Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho, Oregon, Marekani, miaka ya 1980, na wengine wanaliita jiko la roketi. Mimi nimelitia kwenye debe tu.

Mama Wawili: Nimetengeneza juzi, linaunguruma vizuri, ila sufuria imekuwa nyeusi tii.
Jibu: Hongera mama. Kabla ya kubandika, paka sabuni ya kipande nje ya sufuria, mkono ukiwa na maji kidogo. Masizi yatatoka na sabuni ukiosha. Halafu angalia kuni, masizi mengi ni dalili ya unyevu.

Mpishi wa Stendi: Magunzi yanafaa?
Jibu: Yanafaa sana yakikauka, ila yanawaka haraka, huwezi kuondoka. Kwa maharage changanya na kijiti kimoja kigumu. Na hili ni swali zuri, umeona?

Mama Wawili: Magunzi mimi nayaanika juu ya mfuniko wa jiko likishapoa kidogo.
Jibu: Hiyo sikuwa naijua. Kesho najaribu.