Hela ya risechi ya kiangazi ukiwa bado digrii ya kwanza: inatafutwaje na inaombwaje, hatua kwa hatua

Kila mwaka ikifika Machi napata meseji zinazofanana, mdogo wangu yuko mwaka wa pili au wa tatu, anasema kaka nataka kufanya risechi likizo hii, nisaidie nipate ufadhili. Machi! Na programu nyingi za kiangazi zinafunga Januari au Februari. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote sehemu moja, nilivyohangaika mwenyewe nikiwa nasoma digrii ya kwanza huku Marekani, na ninavyoyaona mambo sasa hivi, maana siku hizi niko maabara na maombi ya wanafunzi yanapita mezani kwangu.

Nawaandikia watu wa aina tatu. Wewe uliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, yaani F-1, wewe uliyeko Marekani una green card au uraia (wakiwemo ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi), na wewe uliyeko nyumbani, UDSM, Nairobi, Makerere, popote.

Hatua ya 1: Tafuta mstari wa uraia kabla hujaandika hata sentensi moja

Ukigugo risechi ya kiangazi Marekani, kitu cha kwanza kutokea ni REU (Research Experiences for Undergraduates), programu iliyoanza 1987 ya NSF, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili sayansi. Unaenda chuo kingine wiki kama 10, unalipwa, mara nyingi na malazi juu. Tamu sana. Mimi mwaka wangu wa pili niliandika insha za saiti sita za REU (saiti ni chuo au maabara inayopokea wanafunzi), nikakesha wiki mbili, nikasumbua walimu wawili waniandikie barua, afu ndo nikaona mstari uliokuwepo siku zote: ni kwa raia wa Marekani na wenye ukaazi wa kudumu tu. Niliumia, na zaidi niliwaonea aibu wale walimu.

Sasa kama una F-1, REU iache. Ila kama una green card, sikiliza vizuri, hii ni YAKO. Nimekutana na vijana wa Kikongo waliokulia kambini Nyarugusu, wana green card kabisa, wanadhani hizi hela ni za Wamarekani wazaliwa. Hapana, mlango ni mmoja kwenu wote. Na hata kama uko community college (chuo cha miaka miwili) usijitoe mwenyewe, saiti za REU zinatakiwa zichukue wanafunzi wengi kutoka nje ya chuo chao, hasa vyuo ambavyo havina risechi kubwa. Huombi NSF yenyewe, unaomba saiti moja moja, kila moja na dedlaini yake, na kabla ya kuandika hakikisha saiti ipo mwaka huo maana mwaka 2025 kuna zilizofutwa.

Wa F-1, mifuko yenu ni hii. Wa kwanza ni chuo chako mwenyewe, vyuo vingi vina ofisi ya risechi ya wanafunzi wa digrii ya kwanza na wana hela ambayo haiulizi pasipoti, nenda kaulize kwa miguu yako usiishie kusoma tovuti. Wa pili ni granti ya profesa, yaani hela aliyopewa kwa mradi wake wa risechi. Hapa watu wengi wanachanganya: ile nyongeza ya REU kwenye granti ya NSF ndo ina sharti la uraia, lakini granti ya kawaida ya profesa kwa kawaida inaweza kumlipa mwanafunzi kwa saa bila kujali ametoka wapi. Kwa hiyo profesa akikwambia "samahani, REU ni ya raia tu", muulize kwa adabu kama granti yake ya kawaida ina nafasi ya msaidizi wa masaa. Mimi hilo swali moja ndo lililonipa kiangazi changu cha kwanza. Wa tatu ni DAAD RISE, programu ya kiangazi ya risechi kule Ujerumani, hiyo inaangalia unasoma wapi, ukiwa umesajiliwa chuo cha Marekani, Kanada au Uingereza unaingia hata kama pasipoti yako ni ya Tanzania.

Mlioko nyumbani, anzeni na zinazopokea dunia nzima. CERN, ile maabara kubwa ya fizikia kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wana programu ya kiangazi yenye nafasi za nchi zisizo wanachama, kwa watu wa fizikia, kompyuta na uhandisi waliomaliza angalau miaka mitatu ya chuo. ISTA, taasisi ya risechi karibu na Vienna, wana programu ya kiangazi inaitwa ISTernship. OIST, chuo cha risechi kule Okinawa, Japani, wanachukua intani mwaka mzima, wanalipa ndege na wanakupa posho. KAUST, chuo kikuu cha Saudia, nayo inapokea wanafunzi kwa miezi kadhaa. Masharti yanabadilika, soma ya mwaka wako.

Na usidharau vya karibu. Ifakara, KEMRI-Wellcome pale Kilifi, icipe na ILRI Nairobi, hizi ni taasisi ambazo wazungu wanapanda ndege kuja kufanya risechi. PT yako (mafunzo kwa vitendo) au atachimenti yako ukiifanyia sehemu kama hizo, hata kama posho ni ndogo au haipo, ndo inakuwa ushahidi wa ombi la mwaka unaofuata. Ukiwa na mkopo wa HESLB angalia kama ile hela ya mafunzo kwa vitendo imo kwenye mgao wako, hiyo tayari ni nauli na chakula.

Hatua ya 2: Panga kalenda kwa kurudi nyuma

Anza Septemba. Septemba na Oktoba unatafuta, Novemba unaandikia maprofesa na kuomba barua, Desemba unaandika insha, Januari unatuma. Mlioko Tanzania kuna tatizo ambalo wa huku hawalijui: programu za Marekani na Ulaya nyingi zinaanza Juni, nyie UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inaweza kuwa Julai. Usiombe kimyakimya ukitegemea mambo yatajipanga. Angalia alimanaka ya chuo chako, kisha waandikie waratibu uwaulize kama unaweza kuanza mwishoni mwa Julai. Wengine wanakubali. Ndo maana naipenda OIST kwa watu wa nyumbani, haikufungi Juni.

Pasipoti pia iwe tayari. Nimeona mtu kachaguliwa hana pasipoti, na miadi ya viza ikawa imejaa.

Hatua ya 3: Mwandikie profesa

Hapa ndo nataka ukae sana, kwa sababu hela nyingi za kiangazi zinakuja baada ya mtu mmoja kusema "huyu namtaka". Programu zenye fomu zina ushindani mkubwa, ila imeili nzuri kwa profesa anayefanya kitu unachokipenda kweli inaweza kufungua mlango ambao haukutangazwa popote.

Imeili mbaya naijua nikiona mistari miwili tu. Inaanza na "Dear Sir/Madam", inasema mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na ndoto kubwa, naomba nafasi yoyote kwenye maabara yako tukufu, na imetumwa kwa maprofesa 40 kwa mpigo. Hiyo haijibiwi.

Chagua maprofesa watano hadi nane. Kwa kila mmoja soma pepa yake moja ya karibuni, sio abstrakti tu, soma mpaka sehemu inayokushinda, afu andika kuhusu hapo hapo panapokushinda. Utaandika kwa Kiingereza lakini mtiririko uwe hivi:

"Profesa Fulani, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa baiolojia ya molekuli Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nimesoma pepa yako ya mwaka jana kuhusu mbu kustahimili dawa. Sijaelewa kwa nini sampuli za mwezi wa nne mlizitenga, je ni kwa sababu ya mvua? Mimi kwenye PT nimekusanya na kutambua mbu kwa darubini, na natumia R kwa grafu. Naomba kujua kama kiangazi hiki unaweza kunisimamia wiki 10. Naomba pia programu Fulani inayolipa posho, dedlaini yake ni Januari 31, nahitaji barua ya msimamizi. Nimeambatisha sivii ya ukurasa mmoja na transkripti."

Umeona? Wewe ni nani, umesoma nini, unaweza nini kwa mikono yako, unataka nini, lini. Ikipita wiki mbili kimya, kumbushia mara moja, kwa mistari miwili. Kimya tena, endelea na mwingine, usikasirike, watu wanapokea imeili nyingi mno.

Hatua ya 4: Transkripti na barua

Hili linanikera kwa sababu linaangusha watoto wazuri. UDSM GPA ni ya 5, na 70 ni A. Sasa msomaji wa Marekani akiona 72 kichwani kwake hiyo ni C. Akiona 3.9 anadhani ni ya 4. Akiona 4.3 hajui afanye nini. Andika skeli KILA sehemu: "4.1 kati ya 5.0, upper second". Mkenya andika kwamba first class inaanza 70. Kama fomu inalazimisha skeli ya 4, usipige hesabu yako ya kichwani, waandikie uwaulize wanataka ubadilishe vipi, na kwenye maelezo ya ziada weka namba ya asili.

Barua: mpe mwalimu wiki tatu au nne. Mpelekee sivii, insha yako hata ya rasimu, na mambo matatu anayoweza kuyashuhudia yeye mwenyewe, mfano ile ripoti ya maabara uliyoirudia. Na muombe atumie imeili ya chuo, sio ya Gmail, kuna mifumo inayoikataa. Siku tano kabla ya dedlaini pita ofisini, "shikamoo Dokta, nimekuja tu kukumbushia", hakuna ubaya.

Hatua ya 5: Insha

Fupi. Swali gani linakusumbua, umewahi kufanya nini kulijibu hata kidogo, kwa nini maabara ile na sio nyingine. Usianze na utotoni ulipokuwa unafungua redio, labda kama ile redio inahusiana kweli. Umasikini wa nyumbani utaje kama unaeleza kitu, kwa mfano kwa nini ulichelewa mwaka, ila usiufanye ndo hoja, tunaosoma tunatafuta mtu atakayekaa na data iliyokataa kutoa majibu.

Hatua ya 6: Umechaguliwa, sasa uliza hela inakujaje

Furahi, afu uliza maswali haya kwa maandishi: posho ya kwanza inaingia tarehe ngapi? Tiketi mnakata nyie au nakata mimi narudishiwa? Bima nani analipa? Nyumba mnalipa au inakatwa kwenye posho? Kiangazi kimoja nililipa nauli mwenyewe nikiambiwa nitarudishiwa, hela ikarudi wiki ya saba, mwezi mzima niliishi kwa kukopa kwa wenzangu. Ukisema mapema kwamba huna hela ya kutanguliza, mara nyingi wanakata wao.

Wa F-1, kabla ya kukubali kazi nje ya chuo chako nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ndani ya chuo chako likizo unaweza kufanya kazi masaa yote, nje unahitaji CPT (ruhusa ya kufanya kazi inayohusiana na masomo yako) iliyoandikwa kwenye I-20, ile fomu ya chuo uliyoombea viza, na kwa kawaida lazima uwe umeshasoma mwaka mmoja kamili. Usianze hata siku moja kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kwenye kodi, posho inayohesabiwa kama skolashipu kwa F-1 mara nyingi inakatwa 14%, na Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo hiyo asilimia itoe kwenye bajeti tangu mwanzo. Mwaka unaofuata utapata fomu 1042-S inayoonyesha ulicholipwa na kilichokatwa, itunze, utaihitaji kujaza 1040-NR, fomu ya kodi ya wasio wakaazi, na kama walikata zaidi ya unachodaiwa, kiasi kilichozidi kinarudi. Mimi cha kwangu kilinilipia nauli ya kwenda kuangalia maabara niliyoko sasa.