Kuipa Saloni Sura Mpya Mwezi wa Tisa, Kabla ya Mvua ya Lubumbashi

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tatu, simu zetu hujaa picha za nyumba za Ulaya zilizopambwa upya kwa ajili ya majira ya kuchipua: mapazia mepesi, mito ya makochi yenye rangi laini, maua mabichi juu ya meza. Ni picha za kuvutia, lakini hapa Lubumbashi, karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, mwezi wa tatu mvua bado hazijatuacha. Matope yanafika mlangoni, ukuta wa nyuma ya nyumba bado una unyevu, na rangi inayopakwa siku hizo hukawia kukauka. Majira yetu ya kuchipua ni mwezi wa tisa na wa kumi. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imekwisha, mijakaranda inamwaga maua ya zambarau barabarani, na miti ya miombo nje ya mji inatoa majani machanga mekundu kama shaba hata kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka. Huo ndio wakati wa kuishughulikia saloni, yaani sebule, kwa kuwa vumbi lote la kiangazi limekwisha kutua ndani ya nyumba, na zimebaki wiki chache za hewa kavu ambayo hukausha rangi vizuri.

Kazi ya kwanza ni vumbi, na haifai kununua kitu chochote kabla ya kulimaliza. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ya madini ya chuma yaliyomo, na ukiligusa vumbi lake kwa kitambaa chenye maji mengi, unageuza unga kuwa rangi inayoshika ukutani. Kwa hiyo anza kwa ukavu: funga ufagio laini kwenye mti mrefu, pangusa plafoni (dari), kisha pembe za kuta, kisha juu ya kabati na fremu za madirisha, na sakafu iwe ya mwisho. Kitambaa chenye maji kidogo kije baadaye. Mapazia, au rido kama tulivyozoea kusema, yakung'utwe nje kabla hayajaingia ndani ya beseni; ukiyaloweka moja kwa moja, maji hugeuka kuwa ya rangi ya matofali na pazia jeupe haliwi jeupe tena.

Ukiwa bado umeinua kichwa, itazame plafoni kwa makini. Doa la kahawia lenye ukingo kama wa ramani ni alama ya maji yaliyopita kwenye tundu la msumari wa bati mwaka jana, nayo yatapita tena mwaka huu. Mwite fundi apande juu sasa, wakati bati limekauka, kwa maana doa la aina hiyo likipakwa rangi ya maji bila kuzibwa chanzo chake hujitokeza tena juu ya rangi mpya. Chini ya ukuta nako tafuta unga mweupe kama chumvi, unaoletwa na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Usugue kwa brashi kavu, uache ukuta upumue kwa siku kadhaa, wala usiufunike kwa rangi ya mafuta, ambayo huufungia unyevu ndani mpaka lipu inaanza kuvimba.

Baada ya hapo, toa kila kitu saloni na ukipeleke uani kwa siku moja. Najua ni usumbufu, na majirani watauliza kama unahama. Lakini chumba kitupu husema mambo ambayo chumba kilichojaa huyaficha: dirisha ambalo kabati limelizuia kwa miaka, kona yenye mwanga mzuri wa asubuhi ambayo hakuna anayekaa. Wataalamu wa mapambo wa nchi za kaskazini hushauri kubaki na viti vichache tu. Sikubaliani nao kabisa, kwa sababu hawajui kwamba katika saloni zetu wanaweza kuingia watu 15 kwa jioni moja, wakija kuzungumzia mahari au kufariji wenye msiba. Kinachofaa ni kubakiza makochi unayoyatumia kila siku, kuweka viti vya akiba katika chumba kingine vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, na kuyasogeza makochi yaliyobaki yakae sentimita 15 hivi mbali na ukuta. Nafasi hiyo ndogo huufanya ukuta usichubuliwe, huruhusu ufagio kupita, na chumba huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Sasa tuje kwenye rangi, ambako ndiko mtindo wa miaka hii unakotupendelea sisi zaidi ya wengine. Pantone, kampuni ya Marekani ambayo hutangaza rangi ya kila mwaka, ilichagua kwa mwaka 2025 kahawia laini iitwayo Mocha Mousse, na kwa mwaka 2026 nyeupe tulivu iitwayo Cloud Dancer. Wapambaji wa nyumba nao wameachana na kijivu baridi kilichotawala kwa muda mrefu, wakarudia rangi za udongo: hudhurungi, rangi ya tofali, rangi ya mchanga, kijani cha majani makavu. Kwa maneno mengine, wanalipa fedha nyingi ili kuta zao zifanane na barabara ya Katuba, mtaa wa mji wetu. Rangi hizi zinatufaa kwa sababu ya kimatendo pia, kwamba vumbi jekundu likitua juu yake halipigi kelele kama linavyofanya juu ya ukuta mweupe. Nyeupe ya mwaka 2026 ningeiacha kwenye plafoni na sehemu ya juu ya kuta, ambako inarudisha mwanga ndani, na ambako mikono ya watoto haifiki.

Hapo ndipo ukanda wa chini unapostahili kurudi. Wengi wetu tulisoma katika madarasa ambayo kuta zake zilikuwa na rangi nzito hadi kimo cha meta moja hivi, na rangi nyepesi juu yake. Tuliuona kuwa ni mtindo wa shule na wa zahanati. Leo ukuta wa rangi mbili unaonekana katika majarida ya mapambo kama jambo jipya. Pima kutoka sakafuni sentimita 100 katika sehemu kadhaa za ukuta, unganisha alama hizo kwa kamba iliyopakwa unga wa chaki, bandika utepe wa karatasi juu ya mstari, na uung'oe utepe wakati rangi haijakauka kabisa ili ukingo usichanike. Chini paka rangi ya tofali inayoweza kuoshwa, juu paka rangi ya mchanga au nyeupe.

Kiasi cha rangi usikikadirie kwa macho. Saloni yenye urefu wa meta 4, upana wa meta 3.5 na kimo cha meta 2.8 ina kuta zenye jumla ya meta za mraba 42. Ukitoa mlango na dirisha hubaki kama 38. Lita moja ya rangi ya maji kwa kawaida hufunika takriban meta za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kwa kupaka mara moja, nawe utahitaji mikono miwili, kwa hiyo lita 8 zinatosha. Nunua zote kwa siku moja kutoka duka moja, hasa kama rangi imechanganywa dukani, kwa sababu mchanganyiko wa pili hauwi sawa na wa kwanza hata muuzaji akiapa.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi wanaweza kujaribu chokaa, ambayo nayo imerudi katika mtindo kwa sababu ukuta wake huwa na mawingumawingu na hauna mng'ao wa plastiki. Hutumiwa chokaa iliyokwisha kuzimwa, ikachanganywa na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, pamoja na unga wa rangi za udongo usiozidi sehemu ya kumi ya uzito wa chokaa. Ukuta hulowanishwa kwanza, kisha hupakwa tabaka tatu au nne nyembamba kwa brashi pana, kila moja ikiachwa ikauke. Usishtuke ikiwa mwanzoni huoni kitu, kwa kuwa chokaa ikiwa bado na maji ukutani huonekana kama maji matupu na rangi yake hutokea inapokauka na kushika hewa ya kaboni iliyomo chumbani, ambayo huigeuza kuwa jiwe. Vaa glavu na miwani, maana huunguza ngozi na macho.

Nami lazima nikiri kosa langu. Niliipaka chokaa juu ya ukuta ambao zamani ulikuwa na rangi ya mafuta, nikitaka kuokoa siku mbili za kukwangua. Kwa wiki moja ulipendeza sana. Wiki ya pili vipande vilianza kuanguka nyuma ya kochi kama maganda ya yai. Fundi mzee wa mtaani alipokuja, alimwagia ukuta maji kidogo kwa kiganja, akayatazama yakiteremka hadi sakafuni, akasema: “Mama, chokaa inataka ukuta unaokunywa. Huu wako hauna mdomo.” Fanya jaribio hilohilo kabla ya kununua chochote: maji yakinywewa, endelea, yakiteremka, kwangua au tumia rangi ya kawaida.

Vitambaa ndivyo vinavyobadilisha chumba haraka na kwa fedha kidogo. Kikwembe, yaani kitenge, kina upana wa kama sentimita 115, nao unatosha kwa mto wenye pande za sentimita 45: unakata ukanda wa sentimita 48 kwa upana wote wa kitambaa, unakunja ncha mbili zipandiane nyuma kama bahasha, nawe huhitaji hata zipu. Yadi mbili zitakupa foronya tatu na kipande cha kubakia. Kifue kikwembe kabla ya kukikata, kwa sababu pamba hurudi. Kosa la kawaida ni kuweka vikwembe vitano vyenye michoro mikubwa katika kochi moja, mpaka mgeni hajui atazame wapi. Chagua kimoja chenye mchoro mkubwa, na mito mingine iwe ya rangi tupu iliyochukuliwa kutoka ndani ya mchoro huohuo. Fimbo ya rido ipandishwe sentimita 15 hadi 20 juu ya dirisha, na upana wa kitambaa uwe mara mbili ya urefu wa fimbo ili mikunjo ishuke vizuri. Rido za kuburuzika sakafuni waachiwe wasio na vumbi.

Kuhusu mapambo ya ukutani na mezani, mtindo wa sasa unasifu vitu vilivyotengenezwa kwa mikono, nasi tunaishi katika mji wa shaba. Bamba la shaba lililofinyangwa kwa nyundo, ambalo wengi tumelificha kwa sababu limekuwa jeusi, hurudi kung'aa likisuguliwa kwa nusu ya limau iliyochovywa chumvi, kisha likasuuzwa na kukaushwa mara moja. Lakini limau hilohilo lisiguse malakiti. Jiwe lile la kijani ni kaboneti ya shaba, na asidi hulila. Yai la malakiti lililopata tone la limau hubaki na doa lisilong'aa ambalo haliondoki kwa kupanguswa. Kitambaa laini chenye maji kidogo kinalitosha.

Kama una nafasi ya picha moja tu, ningependelea iwe kazi ya mchoraji wa hapa. Mwaka 1946, mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana iliyojulikana kama Hangar, ambamo walichora Pilipili Mulongoya, Mwenze Kibwanga na Bela Sara, huyu wa mwisho akitumia ncha za vidole mahali pa brashi. Samaki na ndege wa namna ile bado wanachorwa na kuuzwa mjini. Itundike picha hivi kwamba katikati yake iwe sentimita 145 hivi kutoka sakafuni. Sisi tuna tabia ya kutundika karibu na plafoni, kana kwamba picha ni za kutazamwa na mijusi.

Taa moja ya mwanga wa bluu katikati ya plafoni huua kazi yote hii usiku, kwa kuwa hudhurungi chini yake huwa kama majivu. Tafuta balbu iliyoandikwa 2700 K au 3000 K, yaani ya mwanga wa manjano, na uongeze taa ndogo ya kuchajiwa pembeni mwa kochi, ambayo itakufaa pia umeme unapokatika.

Mimea haihitaji maneno mengi. Sanseviera, ule mmea wa majani marefu yaliyosimama kama panga, huvumilia kusahauliwa na mwanga hafifu, ila isiwekwe mahali ambapo mtoto mdogo ataitafuna. Wanaosema kwamba chungu kimoja husafisha hewa ya chumba wanazidisha. Dirisha lililofunguliwa asubuhi hufanya zaidi. Kisahani cha chini ya chungu kijaze mchanga, kwa sababu maji yakituama humo, mbu watazaliana ndani ya nyumba mvua zikianza.

Mwishowe, mimina rangi iliyobaki katika chupa ya kioo, uifunike vizuri, uandike juu yake jina la rangi, chumba na tarehe. Siku ya mvua kubwa ya kwanza, kabla hujarudisha kabati zito mahali pake, ingia saloni na tochi uitazame plafoni tena.