Kabla hujampeleka mzee kutolewa mtoto wa jicho kwa fako, hakikisha haya

Fako sio leza, naanza na hilo maana watu wanabishana bure. Daktari anatoboa tundu la milimita 2 hivi mpaka 3 pembeni mwa kioo cha jicho, ile sehemu angavu ya mbele, anaingiza kichombo chenye ncha inayotetemeka kwa mawimbi ya sauti maelfu ya mara kwa sekunde, lenzi iliyochafuka inavunjwavunjwa na kunyonywa hapohapo, halafu lenzi ya bandia inaingia ikiwa imekunjwa na kujikunjua humo ndani. Mara nyingi hata nyuzi hakuna. Wazo alilipata Charles Kelman, daktari wa macho wa New York, akiwa kwa daktari wa meno, kwenye ile mashine ya kusafisha meno kwa mtetemo, na 1967 akalichapisha.

Sukari na presha vishushwe mapema, sio asubuhi ya operesheni.

Ganzi mara nyingi ni ya matone au sindano tu, mzee anakuwa macho. Kwa hiyo mjaribu nyumbani, anaweza kulala chali bila kukohoa wala kujigeuza? Kama ana kikohozi au kifua kinambana akilala, semeni.

Mtoto wa jicho akikomaa sana lenzi inakuwa ngumu, mawimbi yanatumika mengi na joto linaweza kuumiza kioo cha jicho, sasa daktari akikwambia huyu tumfanyie ile ya mkono ya tundu dogo, yaani lenzi inatolewa bila mawimbi, usimwone kapitwa na wakati, msikilize.

Ulizeni lenzi itakuwa ya kuona mbali au karibu. Ile ya kawaida inalenga umbali mmoja tu, kwa hiyo ikiwekwa ya mbali, bibi anayeshona au anayesoma Msahafu bado atahitaji miwani ya kusomea, ajue kabla asije kusema ameharibiwa. Na anayevaa kontakti lenzi aulize azivue siku ngapi kabla ya kipimo, zinapotosha vipimo.

Sasa hili lifuatalo naomba mlisome mara mbili. DAWA ZOTE zitajwe, hata zisizohusu macho. Bamkubwa wangu alikuwa anameza vidonge vya tezi dume kila usiku, miaka na miaka, ili asiamke amke kwenda chooni. Alipoulizwa anatumia dawa gani akasema ya presha, basi. Ile nyingine ni mambo ya wanaume, ataitajaje mbele ya binti zake wawili na nesi mdogo, na mtu atajuaje kibofu kinahusiana vipi na jicho? Kumbe kinahusiana. Dawa yenyewe inaitwa tamsulosini, inalegeza misuli ya njia ya mkojo na inalegeza pia ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Madaktari wa macho wanalijua hili tangu 2005. Katikati ya operesheni mboni ikaanza kusinyaa, ile nyama ya rangi ikawa inapeperuka na kutaka kutokea kwenye tundu, sisi huko nje tunaona muda unakwenda tu, daktari akatoka jasho linamtoka anauliza huyu mzee ana dawa ya tezi dume? Tukabaki kuangaliana. Anaona sasa hivi, Alhamdulillah, ila nyama ilichanika, mboni haifungi vizuri na jua la mchana linamtesa mpaka leo.

Na daktari angejua mapema angejipanga, kuna dawa ya kutanua mboni inayowekwa ndani ya jicho, kuna vikulabu vidogo vya kuishikilia. Msimwachishe dawa wenyewe lakini, athari inabaki hata akiiacha siku nyingi, na mkojo unaweza kumfunga. Semeni tu. Hata aliyewahi kuitumia zamani, hata mama aliyepewa kwa ajili ya vijiwe vya figo. Na alfuzosini na doksazosini, ni za jamii hiyohiyo, zitajeni, na za kuyeyusha damu pia. Mzee akiona aibu bebeni makopo yote kwenye mfuko mkamwage mezani kwa daktari.

Baada ya hapo ni matone kwa saa yake, na mjue kabla nani atamdondoshea, anawe mikono. Asisugue jicho, maji ya bomba yasiingie, ile ngao ya kufunika jicho alale nayo. Maumivu makali, wekundu unaozidi, kuona kunashuka, rudini SIKU HIYOHIYO, msingoje kliniki ya wiki ijayo. Asali, maziwa ya mama, maji ya majani, hapana. Moshi wa kuni akae mbali nao, boda boda bila miwani asipande kwanza, wajukuu wasimrukie, na lile jicho la pili lisiwahishwe kabla hili halijatulia