Stedikamu ya mtumba: pima kabla ya kuchomeka

Wapiga video wa harusi wenzangu wa Mbeya, ukinunua stedikamu (kifaa cha kubebea kamera isitikisike) ya mtumba usiharakishe kuchomeka kamera. Weka betri, shika mita ya volti, pima kwanza plagi ya juu inayopeleka umeme kwenye kamera. Yangu aliyeitumia mwanzo aligeuza nyaya: nyekundu ndiyo ilikuwa hasi! Ningechomeka, kamera kwisha.

Fyuzi ikae karibu na betri, siyo kule juu. Nyaya zikigusana ndani ya nguzo, lile bomba kati ya betri chini na kamera juu, fyuzi ikate mapema.

Nyaya za ndani nimeweka za silikoni, nikazisokota kama springi kwa sababu nguzo inarefushwa. Za plastiki, kwa baridi yetu ya Julai asubuhi, hukakamaa.