Kabla Maji Hayajaganda: Kuandaa Trela kwa Baridi Huku Hita Ikiendelea Kuwaka

Dada yangu wa Kisumu alinipigia simu kijana wake alipopata nafasi ya kuishi ndani ya trela, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, huko Minnesota, Marekani. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, mtoto atapata wapi joto?" Nililala kwenye trela ya aina hiyo misimu miwili ya baridi kabla ya kurudi Nakuru, nikamjibu kwamba joto lipo. Cha kuhangaikia ni maji.

Sisi tunaijua baridi ya Julai, na watu wa Molo wanaijua zaidi, lakini hatujazoea kumwaga maji yaliyo ndani ya mabomba kwa kuogopa baridi. Huko ni lazima. Aliyewahi kusahau chupa ya maji kwenye friza ameona kinachotokea: maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chombo kikiwa kimejaa, kinapasuka.

Kabla ya kushika spana, elewa kwamba hita ya chumba na tangi la kuchemsha maji ni vitu viwili tofauti. Katika trela nyingi, hita ni mtambo wa gesi wenye feni inayosukuma hewa moto chumbani, wala haihitaji tone la maji. Ndiyo maana unaweza kukausha mabomba yote na bado ukalala vizuri. Zipo trela chache zinazopasha joto kwa kuzungusha kimiminika ndani ya mabomba. Kwa hizo, fuata kitabu cha maelekezo cha trela yenyewe.

Mimi mwaka wa kwanza sikukausha. Nilinunua hita ndogo ya umeme ili gesi isiishe haraka, na chumba kikapata joto zuri. Thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima hita kulingana na joto la chumba, ilipoona joto limetosha, hita ya gesi haikuwaka usiku kucha. Kumbe kwenye trela ile, hewa ya hita ya gesi ndiyo iliyokuwa ikipita chini ya sakafu na kuyakinga mabomba. Jua lilipotoka na barafu kuyeyuka, maji yakaanza kumwagika chini ya sinki. Nilikuwa nimelala kwenye joto juu ya mabomba yaliyoganda. Kwa hiyo namsihi mpwa wangu: akaushe.

Aanze na tangi la maji moto. Azime gesi na umeme wake, aliache lipoe kabisa, afungue valvu ya usalama ili presha itoke, ndipo afungue kizibo cha chini. Likishakuwa tupu asiwashe swichi yake hata kidogo, maana elementi ya umeme (koili inayochemsha maji) bila maji huungua mara moja. Kisha amwage tangi la maji safi, matangi ya maji machafu (mahali panaporuhusiwa), na afungue koki za chini kabisa za bomba la baridi na la moto.

Baada ya hapo huja dawa ya kuzuia kuganda. Anunue ile iliyoandikwa kuwa ni ya mabomba ya maji ya kunywa, ambayo kwa kawaida ni ya waridi. Ile ya rejeta ya gari mara nyingi ni sumu, isikaribie mabomba hayo. Kwanza ageuze valvu zinazofanya maji yapite kando bila kuingia tangi la maji moto, la sivyo atajaza dawa humo bure; matangi mengi ya trela hubeba galoni 6, karibu lita 23. Pampu ivute dawa, na afungue mfereji mmoja mmoja, baridi na moto, mpaka rangi itoke. Asisahau choo, bafu, na bafu la nje kama lipo. Kila tundu la sinki limiminiwe kikombe cha dawa, kwa sababu ile kona ya bomba chini yake hubaki na maji siku zote. Wengine hupuliza mabomba kwa kompresa. Presha isizidi psi 50 (psi ni kipimo cha presha kinachoonyeshwa kwenye kompresa), na kona hizo bado zitahitaji dawa.

Gesi iwe propani. Butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0 za Selsiasi, lakini propani huendelea hadi -42. Feni ya hita hutegemea betri, hivyo betri ikiisha usiku wa manane, joto nalo linaisha hata mtungi ukiwa umejaa. Theluji isizibe tundu la moshi la nje, na king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, kiwe kinafanya kazi. Jiko la makaa lisiingizwe ndani kamwe. Hapa kwetu tumezika watu kwa sababu ya jiko lililoachwa chumbani, na trela nayo ni ndogo.

Maji ya kunywa na kupika yakae ndani kwenye jerikeni, jambo ambalo mtoto wa Kisumu hahitaji kufundishwa. Ya kuoshea vyombo asiyamwage kwenye sinki, kwani yatazimua dawa na kuganda. Choo akisafishe kwa dawa ileile.

Baridi ikiisha, asuuze mabomba yote kwa maji safi mpaka rangi ipotee, arudishe valvu za tangi mahali pake, na ahakikishe tangi limejaa kabla ya kuliwasha.