Anza na usiku wa kwanza: mambo ya kuzingatia kabla ya familia kusafiri nje ya nchi

Familia nyingi huanza maandalizi ya likizo ya kiangazi kwa masanduku. Mimi nashauri muanze na mlango. Fikirieni saa tatu usiku mko mbele ya nyumba mliyokodi katika mji msioujua, mdogo kalala begani, mkubwa analia njaa, na simu imebakiza chaji kidogo sana. Kila mtakachokihitaji dakika ile ndicho cha kuandaa kwanza, siku saba au kumi kabla. Mengine mtayapata kwa kurudi nyuma kutoka hapo, hatua kwa hatua, mpaka mlango wa nyumbani kwenu.

Kwanza, ufunguo. Muulizeni mwenye nyumba au hoteli swali moja la wazi: tukifika usiku sana, nani atatufungulia? Hoteli ndogo nyingi hazina mtu wa mapokezi usiku kucha, na nyumba za kukodi mara nyingi hutumia kisanduku cha ufunguo chenye namba ya siri. Sisi namba hiyo ilitumwa kwa barua pepe tukiwa angani, na tulipofika mlangoni simu haikuwa na mtandao. Tulikaa kwenye ngazi na watoto karibu saa nzima. Tangu siku ile ninaomba namba mapema, ninaipiga picha ya skrini na pia kuiandika kwenye karatasi pamoja na anwani kamili, kwa maandishi ya nchi husika kama hayatumii herufi zetu, ili dereva aweze kuisoma. Ramani ya mji nayo ipakueni kwenye simu zote mbili za wazazi kabla ya kuondoka, itumike bila intaneti.

Mnapomtajia mwenye nyumba au hoteli saa ya kufika, msitaje saa ya ndege kutua. Kutoka ndege inapogusa ardhi mpaka familia yenye watoto isimame nje na mizigo yake, hesabuni saa moja na nusu, na msimu wa likizo hata mbili. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti mipakani kati yao, zilianza Oktoba 2025 kuwasajili wageni wasio raia wa Umoja wa Ulaya kwa picha ya uso na alama za vidole. Watoto walio chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole, lakini picha hupigwa. Foleni ya mara ya kwanza inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo chooni muende kabla ya kujipanga.

Pili, chakula cha usiku huo. Msitegemee duka. Ujerumani, kwa mfano, maduka mengi hufungwa Jumapili kwa mujibu wa sheria, na hata penye maduka ya usiku, mzazi aliyechoka hatamani kuyatafuta gizani. Bebeni chakula kikavu kisichohitaji jiko, cha kuwatosha watoto mpaka asubuhi. Ila angalieni sheria za forodha: Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria wanaotoka nje ya umoja huo kuingiza nyama wala maziwa, isipokuwa vitu vichache kama maziwa ya unga ya mtoto mchanga kwa masharti. Nchi nyingi pia ni kali kuhusu matunda mabichi. Matunda yaliyobaki malizieni ndani ya ndege.

Tatu, begi ninaloliita la usiku wa kwanza. Hili hubebwa mkononi na haliingii tumboni mwa ndege hata mkiombwa vipi. Ndani yake kuna nguo moja ya kubadili kwa kila mtu, nguo za kulalia za watoto, miswaki, nepi za saa ishirini na nne, dawa zote, chaja, adapta ya soketi za nchi mnayokwenda, na ile sanamu au kitambaa ambacho mtoto hawezi kulala bila kukishika. Hicho cha mwisho kina uzito kuliko kinavyoonekana. Nguo zilizobaki zichanganyeni kwenye masanduku: msimpe kila mtu sanduku lake, maana likichelewa moja, mtu mmoja atabaki hana kitu kabisa. Pigeni picha ya kila sanduku kabla ya kulikabidhi. Lisipotokea kwenye mkanda, toeni taarifa hapo hapo uwanjani na mchukue namba ya kumbukumbu. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu safari za ndege za kimataifa, madai ya mzigo ulioharibika hupelekwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na ya mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa kwenu.

Kuhusu dawa, zikae kwenye pakiti zake za asili pamoja na cheti cha daktari. Dawa ya kawaida nyumbani inaweza kuwa kosa kwingine: Japani hairuhusu dawa za mafua zenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoephedrine (kiungo cha kuzibua pua), na Umoja wa Falme za Kiarabu unadhibiti kodeini, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi. Someni lebo, kisha muulize ubalozi.

Hati zinahitaji macho ya watu wawili, mmoja asome na mwingine ahakikishe. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele. Schengen hutaka angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Pasipoti za watoto ndizo hukwamisha safari, kwa sababu mara nyingi hutolewa kwa muda mfupi kuliko za wakubwa na wazazi husahau. Kama mnakwenda bila viza kwa kibali cha mtandaoni, mfano ESTA ya Marekani au ETA ya Uingereza, kila mmoja awe na chake, hata mchanga wa mwezi mmoja. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto, au mwenye jina la ukoo tofauti na lao, abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake. Na mtoto atakayetimiza miaka miwili katikati ya likizo atahitaji kiti chake wakati wa kurudi, ingawa wakati wa kwenda alipakatwa.

Kuna kosa moja la saa ambalo sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuliangalie kwa makini. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 15, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwanjani mnatakiwa kuwa tarehe 14 jioni. Wapo waliofika na masanduku yao usiku wa tarehe 15, wakaambiwa ndege yao iliondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Andikeni saa ya Kiswahili pembeni ya ile ya tiketi, na siku ya wiki pia.

Ukaguzi wa usalama hautachelewesha kama begi limepangwa kwa kuufikiria. Viwanja vingi bado vinataka vimiminika visizidi mililita 100 kila chupa, vyote ndani ya mfuko wa lita moja unaoonekana ndani. Maziwa ya mtoto na dawa huruhusiwa zaidi ya hapo, ila vitolewe na kuonyeshwa. Viwanja vichache vimelegeza sharti hili, lakini uwanja wa kurudia unaweza kuwa haujalegeza. Pawa benki hukaa begi la mkononi tu, na kikomo cha kawaida bila ruhusa maalumu ni wati-saa 100. Yenye mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo haizidi kikomo hicho, ingawa baadhi ya mashirika yana masharti yao zaidi.

Ndani ya ndege hewa ni kavu, na shinikizo la kabini linaweza kuwa sawa na la mlima wa mita 2,400, hivyo maji yanywewe kidogo kidogo njia nzima. Masikio ya watoto huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupaa. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua. Mchanga anyonye wakati huo, mkubwa atafune au amung'unye kitu, na aliyelala aamshwe, maana mtu aliyelala hamezi mate mara kwa mara.

Fedha sitaziongelea sana. Kadi mbili, kila moja kwenye begi la mzazi tofauti, na noti chache za nchi hiyo za kutosha usafiri wa kwanza. Mashine ikiuliza mlipe kwa sarafu ya nyumbani au ya pale, chagueni ya pale, kwa sababu mkichagua ya nyumbani, kiwango cha ubadilishaji hupangwa na upande wa mashine na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yenu. Gari la kutoka uwanjani liagizwe kabla, na mwulize kama lina kiti cha mtoto. Katika nchi nyingi teksi zimesamehewa sharti hilo kisheria, ila ajali haijui msamaha.

Mkifika, msifungue masanduku kwanza. Mzazi mmoja akae na watoto, mwingine azunguke nyumba nzima akiinama kwa kimo cha mtoto: dirisha linalofunguka mpaka mwisho, kiti kilichoegemea ukuta wa roshani, waya wa pazia unaoning'inia, mlango unaotoka moja kwa moja kwenye bwawa. Bwawa linanitisha kuliko vyote. Mtoto huzama kimya, bila kupiga kelele, na jioni ya kufika wakubwa huwa kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mlango huo ufungwe usiku ule ule. Bandikeni anwani ya nyumba pembeni ya mlango pamoja na namba ya dharura: 112 katika Umoja wa Ulaya, 999 au 112 Uingereza, 911 Marekani. Mtu aliyeshtuka hakumbuki jina la mtaa aliofikia saa mbili zilizopita.

Usingizi utagoma, na si ukaidi wa watoto. Miili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti kati ya nyumbani na huko, na kuelekea mashariki ni kugumu zaidi. Tena katikati ya Juni jua huzama Stockholm baada ya saa nne usiku. Ombeni mapema chumba chenye mapazia mazito, au mbebe kitambaa cheusi na gundi ya karatasi. Asubuhi watoeni nje wapate mwanga, hata kama wamelala saa chache.

Kabla ya kuzima taa, watembezeni watoto kutoka kitanda chao mpaka chenu, na kutoka hapo mpaka chooni, wakiwa macho. Kisha acheni taa ya chooni ikiwaka na mlango wazi kidogo, kwa ajili ya atakayeamka saa tisa usiku bila kujua yuko wapi.