Jinsi ya kuitazama The Glass Bottom Boat ukaifaidi

Filamu hii ya studio ya MGM ya mwaka 1966 imebeba mizigo miwili: mapenzi ya vurugu na vichekesho, halafu dhihaka kwa filamu za majasusi. Anayekaa kungoja mtu wa bastola na magari ya kasi atasinzia, na anayetaka mapenzi matupu atachoshwa na walinzi wanaojificha kila kona. Shika jambo moja tu tangu mwanzo: katika kila tukio, jiulize nani anajua nini. Wewe mtazamaji unajua wazi kwamba Jennifer, mhusika anayeigizwa na Doris Day, si jasusi na hana hatia yoyote. Wenzake hawajui, na vichekesho vyote vinachotwa hapo.

Anza na televisheni. Filamu ilipigwa kwa Panavision, picha pana ya uwiano wa 2.35 kwa 1. Kwenye skrini ya kawaida ya sasa lazima utaona mistari myeusi juu na chini, na picha itachukua kama robo tatu ya kimo cha skrini. Iache hivyo hivyo. Ukibonyeza "zoom" ili ijae, unakata karibu robo ya upana. Nakala za zamani zilizokatwa pembeni kwa ajili ya televisheni za mraba ni mbaya zaidi, kwani zimepoteza zaidi ya asilimia 40 ya picha. Kwa filamu nyingine ungevumilia, lakini mwongozaji hapa ni Frank Tashlin, aliyetengeneza katuni za Warner Bros. kabla ya kuhamia kwa waigizaji wa damu na nyama. Anapenda kuficha mzaha pembeni: mtu anazungumza katikati, huku ukingoni mwingine ananyata na kifaa mkononi. Ukikata ukingo, utabaki unajiuliza wenzako wanacheka nini.

Ingia pia kwenye mipangilio uzime kile kinacholainisha mwendo wa picha. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na televisheni ikijiongezea nyingine za kubuni, mtu akianguka anaonekana anateleza juu ya mafuta. Mwereka wa kuchekesha unataka kishindo.

Sauti iweke kwenye hali ya mazungumzo kama ipo. Maandishi ya chini yanasaidia kwa sababu watu wanasema haraka na kukatizana, ila yana kasoro: mara nyingi humaliza mzaha kabla mwigizaji hajafungua kinywa. Kama Kiingereza chako kinatosha, yazime baada ya muda, ukishazoea sauti zao. Na kama umezoea filamu zenye mtafsiri anayesimulia juu ya sauti, hii usiitafute kwa mtindo huo. Kwenye ngumi na mateke anaongeza utamu, lakini hapa atafunika majibizano yenyewe.

Kabla ya kubonyeza kitufe, fahamu mambo matatu ya zama zile. La kwanza ni mbio za anga za juu. Wasovieti walimrusha mwanaanga Gagarin mwaka 1961, Wamarekani wakafika mwezini 1969, na filamu imekaa katikati ya joto hilo. Bruce Templeton, anayeigizwa na Rod Taylor, ni mwanasayansi wa maabara ya anga aliyebuni kitu cha siri kinachohusu nguvu ya uvutano, kiitwacho GISMO. Kila mtu ana hofu kwamba kitaibwa.

La pili ni homa ya ujasusi. Filamu ya kwanza ya James Bond ilitoka 1962, na kufikia mwisho wa 1965 zilikuwa nne. Kwenye televisheni ya Marekani kulikuwa na The Man from U.N.C.L.E. tangu 1964, Robert Vaughn akiwa jasusi Napoleon Solo. Tazama kipande chake hata cha dakika kumi, umjue kwa sura na uusikie muziki wake. Katika sherehe ya filamu hii anatokea kwa kitambo kifupi sana, muziki huo ukipigwa. Asiyemjua atadhani ni mgeni tu anayepita.

La tatu, studio za Hollywood zilibanwa na kanuni ya maadili iliyosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934 na kuondolewa 1968. Ndiyo maana tamaa haisemwi waziwazi. Inapitishwa kwa mafumbo, kama taarabu inavyomsema mtu bila kumtaja. Sikiliza maneno yenye pande mbili, na angalia nani anamkatiza nani.

Mwanzo wenyewe ni wa kisiwani Catalina, karibu na Los Angeles, ambako baba yake Jennifer anaendesha mashua ya kioo chini ili watalii watazame samaki. Jennifer huogelea chini yake akiwa amevaa mkia wa nguva. Ndoana ya Templeton inanasa mkia na kuuvua, na ugomvi unaanza palepale. Kisha Jennifer anakuta kwamba mvuvi yule ndiye bosi pale anapofanya kazi. Templeton naye anampa kazi ya kuandika maisha yake, kisingizio tu cha kuwa naye karibu.

Sasa fuatilia simu, kwa maana uzi wote uko hapo. Jennifer ana mbwa aitwaye Vladimir. Akiwa kazini, hupiga simu nyumbani kwake na kuiacha ilie, mbwa akimbiekimbie apate mazoezi. Hebu ione kwa jicho la mlinzi Homer Cripps, anayeigizwa na Paul Lynde: mwanamke aliye karibu na siri ya taifa, anapiga simu isiyopokelewa, na ana Vladimir wake, jina la Kirusi. Kuanzia hapo kila anachofanya kinakuwa ushahidi.

Jikoni kwa Templeton usiondoke kwenda kuchukua soda. Kila kitu kinajiendesha chenyewe, na kitu kikidondoka sakafuni, kimashine cha kusafisha kinachomoka kuja kukiokota. Mtazame Doris Day kuanzia mabega hadi miguu: hagombani na chuma, anagombana kama na mtu mwenye kiburi. Mwigizaji Dom DeLuise naye, kila anapoingia, mwangalie mikono.

Filamu ni ya takriban dakika 110. Sehemu ya mwisho, ya kukimbizana, imerefushwa kuliko inavyostahili, na mzaha wa mwanamume aliyevaa gauni umepitwa na wakati. Mkiwa wengi, mwenye rimoti aisimamishe filamu kicheko kikizidi, maana mstari unaofuata hausubiri.

Ukiipenda, rudi nyuma hadi Bringing Up Baby ya 1938, ambamo Katharine Hepburn anamvuruga mwanasayansi Cary Grant kwa kasi kubwa zaidi. Caprice ya 1967, ya Tashlin na Doris Day tena, ina ujasusi mwingi zaidi lakini kicheko kidogo. Iache ya mwisho.